Pete Iliyogoma

Fundi aliinusa kamera kabla hajaitazama. "Nani aliyeitia mafuta, mwanangu?" akauliza, na mimi nikainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Ni Agfa Isolette ya marehemu baba, ile inayokunjwa ikaingia mfukoni mwa koti, iliyotengenezwa Munich miaka ya 1950. Ilikaa kabatini miaka na miaka. Nilipoitoa, pete ya mbele, ile inayozungushwa kupima umbali, ilikuwa imeganda kama iliyochomelewa. Kijana mmoja wa dukani akaipulizia mafuta ya kulegeza nati. Pete haikutikisika, ila mafuta yalipenya hadi kwenye vibati vya shata, navyo vikagandana. Vibati vile ni vyembamba kama karatasi na vinataka ukavu mtupu. Tone moja tu huvishikisha.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee huyu, fundi saa wa Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Meza yake haikuzidi upana wa mkeka wa kusalia.

Alianza kwa kuchagua bisibisi. Alichukua moja, akaijaribu kwenye skrubu ya pete, akairudisha. Ya pili akaisugua ncha kwenye jiwe la kunolea, akaitazama, akaisugua tena, mpaka ikakaa ndani ya mfuo wa skrubu bila kucheza. Skrubu zilikuwa tatu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Kila moja aliilaza kwenye kisahani mahali pake kama ilivyokuwa kwenye pete, mithili ya tarakimu za saa.

Pete ilipotoka nikaona ugonjwa wenyewe: utando wa kijani kwenye hesi za lenzi. Grisi iliyotiwa kiwandani imekaa na shaba miaka zaidi ya sitini, zikalana, ikawa gundi. Mwenye pupa hukamata kwa koleo akazungusha, na lenzi humtii. Akafurahi. Kumbe lenzi ya mbele imegandamana na ya nyuma yake, zinazunguka pamoja, na tangu siku hiyo picha zote hutoka na ukungu asijue kwa nini.

Mzee hakushika koleo. Alidondosha petroli ya kiberiti kwa ncha ya sindano, akaiweka lenzi kwenye jua la dirishani, akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi akadondosha tena. Siku ya tatu aliifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, huku amefumba macho. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kisoda. Akachora mstari kwa sindano pale hesi zilipoachana, ili zikutane palepale zitakaporudi. Grisi mpya aliyoipaka haikuzidi kichwa cha pini, maana joto letu huiyeyusha ikatambaa.

Shata aliiosha na kuikausha mara nne. Kisha akaweka kioo cha ukungu mahali pa filamu na kuelekeza lenzi kwenye mnara wa msikiti ulio mbali. Akazungusha mpaka ukingo wa mnara ukakatika kama wembe. Hapo tu ndipo alipoikaza pete, ile nane iliyolala, ya umbali usio na mwisho, ikitazamana na alama yake.

Mji huu ulizijua kazi hizi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Masultani, maharusi na watoto wa skuli wamo katika picha zao. Kamera zote zilizopita mjini humu zilikuwa na watu wa kuzifungua. Leo simu yangu imefungwa kwa gundi. Kitu kilichofungwa kwa skrubu kinamngoja fundi. Kilichofungwa kwa gundi kimekatiwa tamaa tangu kiwandani. Nasi tumezoea. Kikigoma, tunauliza bei ya kipya.

Siku ile alipoikaza pete nilimuuliza mzee nani anamrithisha. Akafuta meza kwa kitambaa cha melimeli, akasema, "Wajukuu wanakuja. Wanakaa kidogo, kisha wanaona inachukua muda."

Nilirudi baada ya Idi na saa ya mama iliyosimama. Penye meza palining'inia makava ya simu, ya kila rangi. Mjukuu alinipokea kwa adabu, akaniambia babu amelala makaburini Mwanakwerekwe tangu mwezi wa Shaabani. Tukamwombea. Nikauliza bisibisi zake ziko wapi, zile za kuchonga ncha. Akafikiri, akafungua droo, akaifunga. Zilichukuliwa pamoja na vyuma vingine, akasema, na mnunua chakavu aliyepita na mizani.