Kofia ya Mfunguo Mosi

Anayetaka kumvisha mtu kofia ya mkono siku ya Idi hangoji Ramadhani iingie. Huanza Rajabu, au akichelewa sana Shaabani, kwa sababu kofia ya viua haikubali kuharakishwa. Ya mashine utaipata dukani sasa hivi, tena ya bei nafuu, na sina ugomvi nayo. Ninayoisifu ni ile iliyopita mikononi mwa mtu anayekijua kichwa cha mvaaji.

Kwa kuitazama, ni vipande viwili tu vya kitambaa cheupe cha pamba: duara la juu na ukanda wa pembeni. Nakshi huchorwa kwa penseli, na baada ya hapo kazi karibu yote ni matundu, ndiyo viua vyenyewe. Sindano nene husukuma nyuzi za kitambaa kando bila ya kuzikata, halafu uzi huzungushwa ukingoni, mshono ukibanana na mwenzake mpaka duara lifunge. Ukivuta sana, tundu hujikunja. Ukilegeza, kitambaa hufumuka kofia ikishafuliwa mara mbili tatu. Kisha unahamia tundu la pili, na la tatu, na kofia moja ina mamia. Mshonaji hodari huyajua haya kwa kidole kabla ya jicho, ndiyo maana utamkuta anazungumza na jirani na sindano inakwenda. Wala matundu hayo si pambo tu. Kwa joto la pwani, kichwa kinahitaji kupumua.

Wapo wanaopenda uzi wa rangi. Mimi nasimama na nyeupe juu ya nyeupe. Rangi humvuta mtazamaji asiuone mshono uliopinda, lakini nyeupe haimfichii mtu kitu, na kazi safi ndipo inapojulikana.

Oman nako wanayo, wanaiita kumma, na wanawake wengi huishona majumbani mwao. Mzanzibari akifika Maskati huitambua papo hapo, kwani watu wa pwani hizi mbili wamevukiana bahari kwa karne nyingi, na sindano zao zimevuka pamoja nao.

Huku kwetu, mke kumshonea mumewe au mchumba kumshonea mwenziwe ni mapenzi ya siku nyingi. Kipimo huibwa: bwana akiwa anaoga, kofia yake ya zamani huzungushiwa uzi, ukakatwa na kufichwa. Mchana wa Ramadhani, baina ya adhuhuri na alasiri, jikoni kukiwa bado kimya, ndipo kazi inapokwenda mbele.

Kinachomtia mshonaji wasiwasi ni mwezi. Ramadhani ni siku 29 au 30, na hakuna wa kumwambia mapema ipi itakuwa. Kofia lazima ifuliwe penseli itoke, itiwe wanga, ivishwe bakuli lenye ukubwa wa kichwa ili ikauke na umbo lake. Kwa hiyo anayeijua kazi hujiwekea mwisho wake tarehe 27, asije akasikia takbiri na kitambaa bado kibichi.

Na aliyezidiwa asiitupe. Kutoka Idi ya Mfunguo Mosi mpaka tarehe 10 ya Mfunguo Tatu kuna karibu siku 70, na Idi Kubwa haishtukizi: mwezi wake ukiandama, mshonaji bado ana siku kadhaa za kumalizia ukanda, kufua na kutia wanga.