Hifadhi ya Barabara: Neno Moja, Vipande Viwili vya Ardhi

Kazi ya taifa ya kupanua barabara kuu, na kuzitoa katika udongo na changarawe kuzifikisha kwenye lami, imezaa istilahi nyingi. Baadhi yake zimefanikiwa sana. Mtu hahitaji elimu ya uhandisi ili aelewe "sehemu korofi". Dereva wa lori aliyekwama masika anaijua maana yake. Sifa ya mtu mgomvi imehamishiwa njia, nayo njia imeipokea.

Hatuwezi kuisifu vivyo hivyo istilahi ya "hifadhi ya barabara", ambayo ndiyo inayomgusa mwananchi kwa uchungu zaidi kuliko zote. Tunaona ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Kuhifadhi ni kulinda kitu kisiharibiwe. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kinacholindwa ni kile kilichomo: wanyama, nyasi na miti. Lakini ardhi ya kando ya barabara haikutengwa ili ibaki ilivyo. Imetengwa ili siku moja ichimbwe, ishindiliwe na imwagiwe lami. Msomaji wa kawaida aweza kudhani kwamba kinacholindwa ni barabara iliyopo, na kwamba maadamu hakuigusa, hana kosa. Hali Kiswahili kinalo neno "akiba", yaani kitu kilichowekwa kwa matumizi ya baadaye. Akiba haiozi, walisema wahenga. Na kila aionaye hujua kwamba iko siku itatumika.

Kasoro ya pili ni ya upeo, nayo ni nzito zaidi. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, eneo la barabara kuu lilikuwa mita 22.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria hiyo ililifikisha mita 30. Basi mtu aliyemiliki ardhi kihalali katika zile mita 7.5 za nyongeza hastahili kuhesabiwa sawa na aliyejenga ndani ya mpaka wa zamani. Wa kwanza amefuatwa na barabara, naye ana dai la fidia ardhi yake inapotwaliwa. Wa pili ndiye aliyeifuata barabara. Hata hivyo, istilahi yetu huviita vipande vyote viwili kwa jina moja. Tangazo lisemalo "nyumba yako imo ndani ya hifadhi ya barabara" halimwambii mwenye nyumba kama atalipwa au ataondoka mikono mitupu.

Watendaji wenyewe wameliona pengo hilo, wakaliziba kwa rangi: X nyekundu kwa asiyestahili fidia, X ya kijani kwa anayestahili. Rangi imesema lile ambalo neno limeshindwa kulisema. Lakini rangi haiingii katika barua, wala katika hukumu ya mahakama.

Yamkini tutaambiwa kwamba "hifadhi" imekwisha kuzoeleka. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana istilahi ya sheria haibadilishwi kwa kufuata ladha ya mtu. Hata hivyo, mazoea ya neno hayaondoi haki ya mwananchi kuelewa anachoambiwa. Kwa hiyo tunapendekeza "akiba ya barabara", nayo igawanywe katika "akiba ya awali" na "akiba ya nyongeza". Ikiwa "akiba" itakataliwa, basi angalau sifa hizo mbili ziambatanishwe na "hifadhi", pasiwe na tangazo lolote linaloziacha.

Wakati wa kufanya hivyo ndio huu. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na mfasiri wa leo anaandika maneno yatakayosomwa mahakamani kesho. Hapana budi ayapime kwa masikio ya yule ambaye ukuta wake umepakwa rangi.