Kupalilia Rafu za Fasihi

Kupalilia rafu ni kutoa kitabu ambacho hakimfai tena msomaji, ili anayekuja akione upesi kile kinachomfaa. Katika maktaba ya shule kazi hiyo ni nyepesi kwenye vitabu vya kompyuta, ambavyo uchakavu wake huonekana wazi. Ujuzi wa mkutubi hupimwa kwenye fasihi mashuhuri ya zamani, kwa sababu jina la kitabu hubaki na heshima hata nakala yenyewe inapokuwa haisomeki.

Chukua maktaba za shule za Nansha, wilaya ya kusini kabisa ya jiji la Guangzhou nchini China, pale Mto Lulu unapoingia baharini. Huko bahari ndiyo inayoanza kupalilia. Kila mwaka, baridi inapokwisha, upepo wa joto wenye unyevu hutoka Bahari ya China Kusini ukakuta kuta bado ni baridi. Kuta hutoka jasho, vioo hutiririka maji, sakafu huteleza. Wenyeji wa Guangdong huiita hali hiyo huinantian, na aliyelelewa Unguja au Lamu anaijua harufu ya kitabu kilichoipitia. Mkutubi hodari hutanguliza pua na vidole: hufungua kitabu katikati, hunusa, husikiliza kama gundi ya mgongoni inakatika, hutafuta madoa ya kuvu. Kitabu chenye kuvu hai hutengwa siku hiyohiyo, hata kiwe cha mwandishi gani, maana kuvu huhamia kwa jirani.

Kanuni za maktaba za shule zilizotolewa na Wizara ya Elimu ya China mwaka 2018 zinadai vitabu 25 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 35 kwa wa sekondari ya chini na 45 kwa wa sekondari ya juu. Kila mwaka kiongezwe au kibadilishwe angalau kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi, na vikuukuu vitolewe. Hesabu hiyo ina nia njema, lakini pia ina mtego. Sekondari ya chini yenye wanafunzi 1,000 haitakiwi kushuka chini ya vitabu 35,000, na ni rahisi nakala mfu zikaachwa rafuni zijaze idadi. Hesabu inatimia, mtoto anakosa cha kusoma. Ndiyo maana upaliliaji wa kweli huanza na fungu la kununulia nakala mpya.

Baada ya mwili wa kitabu huja toleo, na hapo ndipo ulipo utamu wa kazi hii. Katika mpangilio wa maktaba za China fasihi yote iko chini ya herufi I, na riwaya za kale za Kichina hukaa I242. Mojawapo ni Hong Lou Meng ya Cao Xueqin, riwaya ya karne ya 18 yenye sura 120. Toleo mashuhuri la shirika la uchapishaji la Renmin Wenxue, la mwaka 1982, lilimtaja Gao E kuwa mwandishi mwenza. Mwaka 2008 shirika hilohilo likaeleza kwamba sura 40 za mwisho ziliendelezwa na mtu asiyejulikana, na kwamba Gao E na Cheng Weiyuan walizihariri tu. Kilichozeeka hapo ni ukurasa wa jina. Mwanafunzi apewe toleo jipya, na nakala moja ya zamani ibaki kwa mwalimu atakayetaka kuonyesha jinsi utafiti ulivyosogea.

Luotuo Xiangzi ya Lao She inadai uangalifu zaidi. Katika toleo la 1955 mwandishi mwenyewe aliukata mwisho wa riwaya, na matoleo ya baadaye yakaurudisha. Vitabu viwili vyenye jina moja mgongoni vinaweza basi kuwa na miisho miwili, na anayetoa kimoja kwa kudhani ni nakala ya ziada anaweza kutoa kile kilicho kamili.

Tafsiri huzeeka upesi kuliko maandiko ya asili. Riwaya maarufu ya Nikolai Ostrovsky kuhusu chuma kinavyofuliwa ilitafsiriwa kwa Kichina na Mei Yi kutoka Kiingereza, ikatoka mwaka 1942; wengine baadaye wakaifuata kwenye Kirusi chenyewe. Waswahili wana mfano wao: Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, kisha akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtafsiri alijipalilia mwenyewe.

Kuna pia suala la maandishi. China bara ilianza kurahisisha herufi zake mwaka 1956, na vitabu vya Hong Kong vimebaki na herufi za zamani. Mtoto wa shule ya kawaida ya Nansha hujikwaa navyo. Lakini mwaka 2022 wilayani humohumo ilifunguliwa shule ya watoto wa Hong Kong, na kwao herufi hizo ni za kila siku. Gugu la shamba moja ni mmea wa shamba la pili, kwa hiyo kubadilishana kutangulie kuharibu.

Lakini si kila kutoa kitabu ni kupalilia. Oktoba 2019 Wizara ya Elimu iliagiza maktaba za shule zikague vitabu haramu na visivyofaa. Mwezi huohuo wafanyakazi wa maktaba ya wilaya ya Zhenyuan, mkoani Gansu, walichoma vitabu mbele ya jengo, na picha ilipoenea watu wakakasirika, tena kwa haki. Kuchuja mawazo ni kazi nyingine kabisa. Mpaliliaji huuliza hali ya nakala, ubora wa toleo na haja ya msomaji.

Kwa hiyo hafanyi kazi gizani. Orodha huandikwa, walimu wa fasihi huipitia na kuokoa wanachotaka, na nakala iliyo ya mwisho hutafutiwa mwenzake katika maktaba nyingine kabla ya kuguswa. Kwa kuwa vitabu vya shule ya umma ni mali ya umma, uongozi huidhinisha. Ndipo mhuri wa kufuta hupigwa na daftari la usajili hurekebishwa. Nakala mpya hupewa namba yake, hubandikwa I242, na kuwekwa mahali palepale, mbali kidogo na ukuta.