Soma Kuanzia Juu

Arduino ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu waliotaka taa iwake bila kwanza kusomea uhandisi. Programu yake ya kuandikia msimbo ilirithi huruma hiyo. Ukibonyeza kitufe, yenyewe huunganisha mafaili yako yote ya .ino kuwa moja, huongeza kimyakimya mstari wa Arduino.h, kisha huzitangaza fanksheni zako mapema ili kompaila isigune. Mwanafunzi haoni hata kimoja cha hivyo. Anaona taa inawaka, anafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Mafundi wa Kariakoo ninaowapenda mimi wameshahama huko. Wanatumia PlatformIO, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ivan Kravets wa Ukraine, na wengi huiendesha ndani ya VS Code. Humo kila faili la .cpp linajitegemea, na mradi mzima unatawaliwa na faili fupi la maandishi, platformio.ini: bodi gani, jukwaa gani, laibrari zipi. Anayehamia hukutana na mistari myekundu siku ya kwanza. Namna fundi mzuri anavyoisoma mistari hiyo ndiyo iliyonikalisha kwenye stuli ya plastiki katika chumba kimoja cha ghorofani, jirani na Mtaa wa Msimbazi, honi za bodaboda zikipanda kutoka chini.

Fundi mwenyewe ni dada aliyesoma DIT, chuo kilichoanza mwaka 1957 na kilichopo pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed, mwendo wa miguu tu kutoka chumba hicho. Mteja alikuwa mwanachuo mwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga: Arduino Nano, kihisi joto cha DS18B20, rilei ya kuwasha balbu, na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Mayai ya kuku yanataka nyuzijoto kama 37.5 kwa siku 21, kwa hiyo mashine ikigoma usiku mmoja, trei nzima imekwenda. Na mfugaji alikuwa ameshaagiza mashine ishirini. Ndiyo maana dada alikataa kuendelea na njia ya zamani. Alitaka mradi utakaojengeka vilevile kwenye laptopu yoyote, leo na mwakani.

"Dada, makosa yamepita mia," kijana alisema. Alikuwa amegeuza kila faili la .ino kuwa la .cpp, akabonyeza, akaogopa.

"Hatujui bado, mdogo wangu. Yanaongea yote kwa pamoja."

Hapo nikasogeza stuli. PlatformIO hukompaili mafaili kadhaa kwa wakati mmoja ili iwahi, hivyo malalamiko ya faili hili huingiliana na ya lile. Dada alifungua dirisha la amri, akaandika pio run -j 1, yaani faili moja baada ya jingine, kisha akapandisha skrini mpaka juu kabisa na kuweka kidole kwenye kosa la kwanza. Faili la skrini.cpp halikujua delay ni nini. Chini yake HIGH, Serial, String na digitalWrite nazo zilikuwa wageni. Mstari wa Arduino.h ukaingia juu ya faili, na karibu wekundu wote ukatoweka.

Wengi huanzia chini, kwa sababu ndipo skrini inapowaacha, na huko chini kuna matokeo ya matokeo. Ukianza kurekebisha huko unaharibu vitu vizima. Ghorofa ya chini ya jengo hilohilo kuna fundi simu ambaye hashiki chuma cha lehemu kabla hajafuata umeme kwa mita, pointi baada ya pointi, mpaka unapokatikia. Dada anafanya kazi ileile bila mita. Habadilishi vitu viwili kwa mpigo: badiliko moja, jenga, soma. Ukimwambia "jaribu na hili pia," anakutazama tu.

Kilichobaki kilikuwa fanksheni iliyoitwa kabla haijatangazwa, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kuitangaza kwa niaba ya kijana. Hilo lilikwisha haraka. Lililofuata lilinifurahisha zaidi, maana lilikuja kwa sauti nyingine kabisa. Kompaila ikilalamika hutaja faili, mstari na hata herufi. Safari hii yalitajwa mafaili ya .o, na lawama kwamba joto limefafanuliwa mara mbili. Dada hakurudi kutafuta nukta-mkato iliyosahaulika. Kila faili lilikuwa limeshapita peke yake, anayelalamika sasa ni linka, yule anayeyaunganisha. Kijana alikuwa ameandika float joto = 0; ndani ya faili la .h, na mafaili mawili yaliliita faili hilo, kwa hiyo kila moja likazaa joto lake. Neno extern likabaki kwenye .h, thamani ikahamia kwenye main.cpp.

Kumjua anayesema kabla ya kujibu: kwa maoni yangu ufundi wenyewe uko hapo, na husifiwa kidogo mno. Tunampigia makofi aliyeandika msimbo.

Si mashine za vifaranga peke yake zinazodai jicho hili. Katikati ya miaka ya 2010 kikundi cha STICLab, pamoja na Buni Hub ya COSTECH kule Kijitonyama, kilitengeneza printa za 3D kutokana na taka za kielektroniki. Leo ukitaka kupakia Marlin, programu inayoendesha printa nyingi za namna hiyo, tangu toleo la 2.0 waandishi wake wanakushauri utumie PlatformIO. Marlin ina makosa yaliyotungwa makusudi na binadamu: ukichagua bodi moja kwenye Configuration.h na nyingine kwenye mazingira ya kujengea, inasimama na kukueleza kwamba hivyo viwili havipatani. Kosa la namna hiyo ni barua, na bado watu hawaisomi.

Kuna na suala la bando. Mara ya kwanza PlatformIO hupakua kompaila na zana zake zote kutoka mtandaoni, na kwa bodi za ESP32 mzigo huo ni mamia ya megabaiti. Dada ana nakala ya folda ya .platformio kwenye diski ya nje, na anayekuja kujifunza huinakili kwanza. Sijawahi kumsikia akimtoza mtu kwa hilo.

Msimbo ulipojengeka, kijana alinyanyua mikono. Kupakia kukagoma: jaribio la 1 kati ya 10, la 2, mpaka la 10, bodi na kompyuta hazisikilizani. Kijana akaushika tena msimbo.

"Acha. Msimbo umeshatoka hapo," dada alisema. "Anayeongea ni avrdude, programu ya kupakia."

Kebo ilikuwa nzima, si zile za kuchajia tu, kwa kuwa poti ya USB ilionekana kwenye orodha. Ilibaki butiloda, kiprogramu cha ndani ya bodi kinachopokea msimbo. Nano nyingi za bei nafuu zina butiloda ya zamani inayozungumza kwa kasi ya 57,600, wakati kijana alikuwa ameandika nanoatmega328new, ya 115,200. Dada akafuta herufi tatu za mwisho. Ikapakia.

Hakuridhika. Ripoti ya mwisho ilionyesha RAM imejaa zaidi ya asilimia 80 ya baiti 2,048, na asilimia hiyo haihesabu nafasi ambayo fanksheni huchukua zikiwa kazini. Mashine ingewaka mezani, kisha ingejianzisha upya saa nane usiku ikiwa na mayai tumboni. Maneno yote ya Serial.print akayafunga kwa F(), yakabaki kwenye flashi badala ya kunakiliwa kwenye RAM. Halafu kwenye platformio.ini akaandika namba kamili ya toleo la kila laibrari, ili mwakani isije ikajileta mpya yenye tabia nyingine.

Kijana alihesabu mistari iliyobadilika, akaanza: "Dada, kwa mistari hii michache, nipunguzie kidogo."

Hakupunguziwa. Alipewa maelekezo ya kushukia nayo dukani: "Hizo Nano zilizobaki nunua duka moja, mzigo mmoja. Chukua moja kwanza, ulete tuipakie. Ikikubali kwa kasi hii, rudi ulipie nyingine. Wakikuchanganyia, utakuja hapa unalia na msimbo hauna kosa."