Minyoo ya Usiku na Wanaoisoma

Minyoo ya matende ina saa zake. Mchana watoto wake hujificha ndani kabisa, hasa katika mishipa ya mapafu. Usiku, kuanzia kama saa nne hadi saa nane, hutoka wakajaa katika damu iliyo karibu na ngozi, kwani hapo ndipo mbu wanaowabeba wanapouma. Kwa hiyo miaka mingi mtafiti wa matende na mabusha pwani yetu hakuwa na budi kugonga milango watu wakiwa wamelala. Katika kijiji kama Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, kabla hujafika Bweni, hilo si jambo dogo. Pwani hii imelelewa na hadithi za mumiani. Anayebisha hodi saa tano za usiku akiomba tone la damu ajiandae kujieleza, na ajieleze vizuri.

Mafia ndiko Tanzania ilikoanzia kampeni yake ya kugawa kingatiba ya matende, mwaka 2000: ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka, kwa mzima na mgonjwa. Dawa hizo zina sifa zake na wapo wa kuzisema. Mimi nataka kuwasifu watu wengine, wale wanaokitwaa kijiminyoo kimoja, yaani mtoto mmoja wa mnyoo, urefu wake kama robo ya milimita, wakaisoma jenomu yake herufi kwa herufi, herufi zaidi ya milioni 80.

Ugumu unaanza kabla ya kusoma. Kijiminyoo kimoja kina vinasaba kiduchu mno, nacho kinaogelea katika damu ya mtu ambaye jenomu yake ina herufi bilioni 3. Ukilitia tone hilo kwenye mashine hivihivi, utamsoma mwenye damu, mnyoo usimwone. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Anakaa na kompyuta akitafuta vipande vifupi, vya herufi 8 hadi 12, ambavyo vimejaa tele katika jenomu ya mnyoo na ni adimu katika ya binadamu. Vipande hivyo, yaani praima, hutengenezwa kiwandani, kisha huchanganywa na kimeng'enya kilichopatikana kwa kirusi kinachoshambulia bakteria. Kimeng'enya hicho hakitaki makuu: joto la nyuzi 30 tu, na saa kadhaa za kuachwa kifanye kazi yake. Kila praima iliposhika, chenyewe huanza kunakili, na kunakili tena juu ya nakala. Vinasaba vya mnyoo vinazidi, vya binadamu vinaachwa nyuma. Mvuvi wa jarife ataelewa upesi: samaki utakayempata umeshamchagua nchi kavu, ulipochagua tundu la wavu.

Mashine zenyewe, kusema kweli, hazinishangazi sana. Ziko zinazosoma kwa taa za rangi, kila herufi na mwako wake. Ziko zinazovuta uzi wa vinasaba kwenye kitundu na kupima jinsi umeme unavyobadilika uzi unapopita. Za aina hii ya pili nyingine zinaenea kiganjani, na mwaka 2015 zilipelekwa hadi Guinea kusoma virusi vya Ebola palepale kwenye mlipuko. Ni vyombo vizuri. Lakini chombo kinasoma chochote unachokipa, hata takataka.

Kinachonishangaza ni tyubu ya maji. Katika kila kundi la sampuli huwekwa tyubu moja isiyo na damu wala mnyoo, maji safi tu, nayo hupitishwa kila hatua kama wenzake: pipeti ileile, praima zilezile, kimeng'enya kilekile, foleni ileile ya mashine. Kazi yake ni kutoka mikono mitupu. Ikitoka na mnyoo ndani, maana yake tone limeruka mahali, au glovu haikubadilishwa, na kundi zima linatiliwa shaka, hata zile sampuli zilizotoa majibu ya kupendeza. Fundi anayetupa kazi ya wiki nzima kwa sababu ya tyubu ya maji, na hakuna aliyemwona, huyo kwangu ndiye fundi.

Na kusoma huko kunatueleza nini? Mwaka 2019 mtafiti Scott Small na wenzake walichapisha usomaji wa jenomu 42, kila moja ya mnyoo mmoja mmoja, kutoka Haiti, Mali, Kenya na Papua New Guinea. Kwa kulinganisha herufi zilizobadilika walifikia dhana hii, na wao wenyewe wanaiita dhana: mnyoo huyu asili yake ni Asia ya Mashariki au visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia, mabaharia wa visiwa hivyo walimfikisha Bukini, yaani Madagaska, kutoka Bukini akavuka hadi bara la Afrika, na kutoka Afrika akapelekwa Amerika ndani ya miili ya watu waliouzwa utumwani. Mtu wa Mafia akisikia Bukini huwakumbuka Wasakalava wa huko, walioivamia Kua, kisiwani Juani, mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini safari ya mnyoo ni ya kale zaidi ya uvamizi ule. Mabaharia wale wa visiwa vya Asia ndio wanaohusishwa pia na chombo kilicholala hadi leo kwenye fukwe za Mafia, ngalawa yenye mirengu na matengo yake. Watu walewale, bahari ileile, mizigo miwili: mmoja tunauvulia samaki, mwingine tunaumezea vidonge.

Mafia haimo katika zile 42. Naona ni pengo, kwa sababu kisiwa ndicho mahali ambapo ufundi huu una faida kubwa kuliko popote. Kisiwani swali la ugonjwa daima ni hili: mwenyeji au mgeni? Zanzibar wamelijaribu swali hilo kwa malaria. Vimelea 282 vilivyokusanywa Unguja, Pemba na wilaya ya Bagamoyo kati ya 2016 na 2018 vililinganishwa, si kwa jenomu nzima bali kwa sehemu nyingi zilizochaguliwa. Kwa jumla vimelea vya visiwani na vya bara ni ndugu wa karibu. Ila ndani ya Zanzibar undugu ulipungua haraka kwa umbali mfupi tu, na katika shehia zilezile vikaonekana vimelea vinavyokaribia kuwa pacha; Micheweni, huko Pemba, likatokea kundi zima la namna hiyo, dalili ya mlipuko. Wanaosema malaria yote ya Zanzibar inaletwa na boti wana haki kiasi. Nyingine inazaliwa palepale.

Sasa turudi kwenye matende. Baada ya miaka ya kingatiba, ukaguzi hufanywa kwa watoto wa miaka sita na saba, kwa kipande cha kipimo kinachotafuta alama za mnyoo katika damu. Hicho hakijali saa. Tone la mchana linatosha. Kinajibu ndiyo au la, basi. Kikijibu ndiyo kwa mtoto mmoja wa Kanga, hakitasema kama mnyoo wake ni masalia ya wale wa zamani waliozikwepa dawa, au aliletwa na mtu aliyepanda boti Nyamisati, upande wa bara. Kulijua hilo kunataka mtu arudi usiku, abishe hodi kwa adabu, apate kijiminyoo chenyewe, akifikishe maabara kikiwa salama, na awe na wa bara wa kukilinganisha nacho. Ikionekana ni mwenyeji, Kanga irudie dawa. Ikionekana ni mgeni, kuigawia dawa Kanga peke yake ni kuchota maji kwa pakacha, na timu inayofuata ivuke ng'ambo, ikaanzie kwenye kijiji alikotoka yule abiria.