Kibuyu Hakioshwi kwa Sabuni

Mursik yangu ya kwanza, yale maziwa ya Wakalenjin yanayolazwa kibuyuni, ilinuka sabuni ya vyombo. Niliisubiri siku nne, nikawaita majirani wawili Jumapili baada ya ibada, nikawamiminia kwa madaha kana kwamba nimezaliwa Nandi. Jirani wa kwanza akaonja, akatua kikombe mezani polepole, akaniuliza habari za watoto. Wa pili, ambaye hana subira ya adabu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa leso. "Mama wa Tanzania," akasema, "hii umeosha na nini?"

Nilikuwa nimeosha na kila kitu. Maji ya moto, sabuni ya maji, na sifongo niliyoifunga kwenye mwiko ili ifike chini. Kisha nikapaka ndani unga wa makaa ya gunia, yale yale tunayopikia maharage, kwa kuwa niliwahi kuchungulia kibuyu cha mtu nikaona ni cheusi ndani, nikadhani weusi ndio siri. Kumbe kibuyu kinakunywa. Sabuni ilizama kwenye ukuta wake na haikutoka tena. Nilikiloweka wiki nzima, nikakianika, nikakiloweka upya, mwishowe nikampa mwanangu apandie maua. Maua nayo hayakustawi.

Tulikuwa na miezi mitano Eldoret, Kenya, wakati huo. Kwetu ni Katesh, chini ya Mlima Hanang, na mwenzangu alikuwa amepata kazi ya mkataba huku. Ndugu wakisikia unaishi nchi ya watu hufikiria ndege na theluji. Sisi nchi ya watu tuliifikia kwa basi: Namanga, Nairobi, Nakuru, halafu mji ulio kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai mtu hulala na soksi bila aibu.

Ugeni wa nchi ambayo lugha yenu ni moja una hila yake, kwani hakuna anayekusamehe kwa kutojua. Ungekuwa Muscat au Berlin ungekosea neno, na watu wangekuelekeza. Hapa nilisimama dukani nikasema, "Naomba mkaa wa mia moja," na muuzaji akanikazia macho. Kwanza, kwa nini naomba na pesa ninayo mkononi? Pili, mkaa ndio nini? Kwao ni makaa. Mtindi niliouzoea unaitwa mala au maziwa lala, daladala ni matatu, na stendi ni steji. Binti yangu alizoea mapema kuliko mimi. Alirudi shuleni wiki ya pili akanionya, kwa upole wa mtu mzima, nisiseme "naomba" mara nyingi, maana watu watadhani tuna shida.

Wikendi ndizo zilizokuwa ngumu. Katikati ya juma mgeni hana nafasi ya kujijua kuwa ni mgeni, kwa sababu kuna shule, kazi, foleni ya ATM ya maziwa (ndivyo wanavyoziita hapa zile mashine za kuuza maziwa kwa bei utakayo), na nguo za kuanika kabla ya mvua ya saa tisa. Jumamosi ikifika, wenyeji wanaondoka. Huyu kaenda kwao Kapsabet, yule Moiben, mwingine yuko mazishini Kitale. Mtaa unabaki na mbwa na sisi. Ndipo tukaanza kusafiri, si kwa sababu tulipenda sana milima, bali kwa sababu hatukuwa na kijiji cha kwenda.

Tulianza na Iten kama kila mtu. Ni safari fupi ya matatu, na ukiiwahi asubuhi unawakuta wakimbiaji wamejaa kandokando ya barabara, makundi kwa makundi, hawasemi, unasikia viatu tu na pumzi. Watoto waliwahesabu mpaka wakachoka. Tulipita chini ya lile tao linaloutangaza mji kuwa nyumbani kwa mabingwa, tukaiona shule ya St. Patrick's, alikofika Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha, akaishia kuwa kocha wa akina David Rudisha. Mgeni mwenzetu huyo, nikajisemea, lakini yeye alipewa kitu cha kufanya. Kisha tukasimama kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Ardhi pale inakatika ghafla, na bonde liko zaidi ya mita 1,000 chini yako, la kahawia na buluu, na vilima vya Tugen ng'ambo. Tukapiga picha. Tukanunua mahindi ya kuchoma. Tukarudi.

Wiki mbili baadaye tukaenda tena, tukapiga picha zile zile. Mandhari ni kama hotuba nzuri. Mara ya tatu unaanza kutazama saa.

Yule jirani mcheshi ndiye aliyetuokoa. Baada ya balaa la sabuni alitangaza kwamba Jumamosi ijayo hatuendi kutazama bonde, tunashuka ndani yake, kwa mama yake, ng'ambo kidogo ya Tambach. Bibi huyo kila mtu anamwita Gogo, yaani bibi kwa Kikalenjin. Kwa mtu wa kwetu, aliyezoea kuwa Wagogo ni jirani zetu wa Dodoma, jina hili lilinichukua siku kadhaa kulitamka bila kutabasamu. Nilimweleza Gogo. Akasema basi niwasalimie hao wajukuu zake wa Dodoma.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gogo hakusubiri siku ya tatu. Hata chai ilikuwa haijapoa aliponiwekea mkononi kitu kama fimbo nyembamba iliyopinda, ya mkindu, ncha yake imepondwapondwa mpaka nyuzi zake zikatawanyika kama brashi. "Sosiot," akasema. Kisha akaniletea kibuyu, sotet kwa lugha yake, akakaa kwenye kigoda na kunitazama kama mwalimu wa udereva.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba watu wa nje tunaisifia mursik kwa kitu kisicho chenyewe. Tunasifia maziwa. Maziwa hayafanyi kazi kubwa pale, yanalala. Kazi yote hufanywa kabla hayajamiminwa, na kazi hiyo ni kuosha.

Na kuosha kwenyewe huanza mbali, tangu kibuyu kikiwa shambani. Kinaachwa kikomae hadi mmea wake ukauke. Kinakatwa mdomo, kinajazwa maji, na kuachwa siku kadhaa mpaka nyama ya ndani ioze, kisha mbegu na makapi hukorogwa na kumwagwa. Kazi hii inanuka, msidanganyike na shanga zinazokipamba kibuyu kwa nje. Halafu maji tena, na tena, kwa sababu kibuyu kipya ni kichungu na uchungu wake hauondolewi kwa haraka. Gogo hutia maji usiku, asubuhi anayaonja kwa ncha ya ulimi, anatema, anamwaga. Nilimuuliza hufanya hivyo mara ngapi. Alinijibu, "Mpaka."

Kibuyu kinachotumika kila siku nacho hakiachwi. Maziwa yakiisha, kinasuuzwa kwa maji ya moto na kusuguliwa na sosiot, na hapa mkono wangu ndio ulioumbuka. Mimi nilisugua kama ninayesugua sufuria, kwa nguvu, nikienda mbele na kurudi nyuma. Gogo alinishika kiwiko. Fimbo ile haisukumwi, inazungushwa, na kujipinda kwake ndiko kunakoifikisha kwenye mabega ya kibuyu ambako jicho halifiki. Unaosha kwa kusikia. Sehemu chafu inakwaruza kwa sauti nzito, na sehemu safi inapiga kavu, kama ukucha juu ya ganda la yai. Alinifumba macho kwa kiganja chake ili nisiendelee kuchungulia mdomoni. Mtoto wangu wa kiume alilipenda somo hilo kupita masomo yote ya shule.

Ndipo unakuja moto. Si makaa ya gunia. Ni kijiti cha senetwet, kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama wima kama mishumaa, na ukifikicha jani lake linanuka kama karanga zinazokaangwa. Kijiti kikavu kinachomwa ncha mpaka iwe kaa jekundu, kinaingizwa kibuyuni kingali hai, kinavunjwavunjwa na kupondwa ukutani kwa sosiot huku kibuyu kikizungushwa mapajani. Moshi unatoka mdomoni, Gogo anauziba kwa kiganja, anauachia, anauziba. Unga mweusi laini unatanda ndani kote, unaobaki unagongwa na kumwagwa. Gogo huingiza kidole, hukitoa na kukitazama dhidi ya mwanga. Kikiwa na chengachenga, anarudia. Kikiwa kimepakwa weusi mororo kama wanja, basi.

Baada ya hapo ni maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kifuniko, na pembe ya nyumba yenye ubaridi. Siku tatu, wiki, wengine huacha zaidi. Kabla ya kumimina unatikisa, na yanatoka mazito, yenye rangi ya kijivu cha wingu la mvua, na harufu ya moshi iliyo mbali kidogo, kama moto wa jirani. Unakunywa na kimnyet, ugali wa wimbi, na huna haja ya mboga nyingine.

Mlo ule ulinirudisha Katesh bila kupiga muhuri mpakani. Nilipokuwa mtoto, siku za mnada, wanawake wa Kibarbaig walikuja mjini wakiwa na sketi zao za ngozi na bangili za shaba, vibuyu begani. Sisi watoto wa mjini tuliwaita Wamang'ati, jina ambalo si lao, na tulikimbia harufu ile ya moshi na maziwa. Leo najua kwamba wataalamu wa lugha huwaweka Wabarbaig hao, ambao ni Wadatooga, na Wakalenjin katika tawi moja la Waniloti wa Kusini. Ni watu wa chimbuko moja waliotengana zamani mno. Nilisafiri siku moja na nusu kwenda kujifunza kwa wageni kile ambacho jirani zangu walipita nacho mlangoni petu kila mwezi. Siwezi kusema jambo hili lilinifurahisha. Liliniuma.

Mursik yenyewe ina jina kubwa kuliko nyumba inamotoka. Bingwa akirudi kutoka mashindanoni, anapokewa na kibuyu uwanja wa ndege, na anakunywa mbele ya kamera kabla ya kupewa kipaza sauti. Katika koito, posa zinapozungumzwa, kibuyu hakikosekani. Mjini inauzwa kwenye chupa za plastiki, na sitaificha hukumu yangu: hiyo ni mala iliyopitiwa na vumbi la makaa. Kuna upande mwingine pia. Watafiti wamewahi kupima mursik wakakuta asetaldehidi ndani yake, na wakaihusisha na saratani ya umio inayowasumbua watu wa Bonde la Ufa. Nilimweleza Gogo, kwa uangalifu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama watafiti hao waliangalia vibuyu vilioshwa na nani. Si jibu la kisayansi, na mimi nimepunguza vikombe. Kuosha sijapunguza.

Eldoret haishangazwi na mgeni anayejifunza. Mji wenyewe ulianza kama namba: mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba la 64 la walowezi, na wazee bado wanauita Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi yao. Mwaka 2024 ulipewa hadhi ya jiji, jirani yangu akapandisha kodi ya kibanda chake siku hiyo hiyo.

Sasa Jumamosi zetu zina sababu. Tunapita Iten bila kushuka kwenye matatu. Wanaopiga picha ukingoni tunawapungia mkono. Tunapeleka sukari na majani ya chai, tunarudi na vijiti vya senetwet vilivyofungwa kwa kamba ya katani, na kondakta haulizi tena ni vya nini. Kibuyu chetu cha tatu kilipata ufa shingoni. Gogo aliutoboa pande mbili kwa msumari wa moto, akaushona kwa uzi, akafunika mshono kwa shanga za rangi ya bendera yetu, ya Tanzania, na rangi moja aliikosea. Binti yangu sasa anaosha kuliko mimi. Anafumba macho mwenyewe.

Krismasi iliyopita Gogo alinipa kibuyu kidogo nimpelekee mama yangu Katesh, kimeoshwa tayari, kimepakwa tayari, kinangoja maziwa tu. Mama alikipenda sana. Amekitundika sebuleni juu ya televisheni, na ndani yake amechomeka maua ya plastiki. Gogo huniuliza kila Jumamosi kama mama ameshaonja. Mpaka leo sijamwambia.