Usiulize "Mnayo?", Uliza "Mara ya Mwisho Ilikuwaje?"

Usaili wa kazi ya programu huisha kwa namna moja karibu kila mahali. Baada ya maswali ya kiufundi, zoezi la kuandika msimbo na maelezo ya kazi zilizotangulia, msaili hufunga daftari na kusema: "Na wewe, una swali lolote?" Wengi hujibu kwamba hawana, au huuliza majibu yatatoka lini. Dakika hizo chache ndizo pekee ambazo mwajiri naye anasailiwa, na namna ya kuzitumia ina historia yake.

Tarehe 9 Agosti 2000 Joel Spolsky, aliyewahi kuwa katika timu ya Excel ya Microsoft na ambaye mwaka huo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Fog Creek Software jijini New York, alichapisha orodha ya maswali 12 ya kupima timu ya programu. Baadhi yake ni haya: Mnatunza matoleo ya msimbo kwa mfumo maalumu? Mnaweza kuijenga programu nzima kwa hatua moja? Mnaijenga kila siku? Mna kumbukumbu ya hitilafu zote? Mnazirekebisha kabla ya kuandika msimbo mpya? Waandishi wa programu wana mahali patulivu pa kufanyia kazi? Mna wapimaji? Kila "ndiyo" ni alama moja. Alama 12 ni kamili, 11 zinavumilika, na kuanzia 10 kushuka chini timu ina matatizo makubwa. Spolsky mwenyewe aliwashauri wanaotafuta kazi waulize kampuni imepata alama ngapi.

Orodha hiyo ilienea haraka kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Kwanza, haiulizi ubora wala utamaduni wa kampuni, mambo ambayo kila mwajiri atayasifia. Inauliza mazoea yanayoonekana kwa macho. Pili, kila swali dogo lina tatizo kubwa nyuma yake. Ukiuliza kama programu hujengwa kwa hatua moja, unauliza pia kitakachotokea saa 4 usiku siku ya kutoa toleo, fundi akiwa amechoka na orodha ya hatua 20 mkononi. Tatu, ni rahisi kujibu: dakika 3 zinatosha, wala hakuna siri ya biashara inayofichuka.

Hata hivyo imezeeka. Git ilizaliwa mwaka 2005, GitHub ikafuata mwaka 2008, na leo ni vigumu kuipata kampuni itakayokiri kwamba haitunzi matoleo ya msimbo. Kazi ya kujenga programu kila siku imechukuliwa na mashine zinazoijenga kila badiliko linapoingia. Timu nyingi hazina tena wapimaji wa kando, kwa kuwa anayeandika msimbo huandika na majaribio yake. Zaidi ya hayo, mwaka 2000 programu nyingi ziliuzwa kwenye CD ndani ya boksi, kwa hiyo orodha haina swali hata moja kuhusu seva inayozimika usiku, nakala rudufu za data, wala nani ataamshwa.

Kuna udhaifu mwingine mkubwa kuliko huo. Swali la "mnayo?" hupata "ndiyo" hata pale ambapo kitu chenyewe hakifanyi kazi. Matukio mawili yanayojulikana vizuri katika fani hii yanaonyesha hivyo.

La kwanza ni la Knight Capital, kampuni ya udalali wa hisa ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Mfumo wake wa kupeleka oda sokoni ulikuwa kwenye seva 8. Fundi alipeleka msimbo mpya kwenye seva 7 na ya nane ikasahaulika. Seva hiyo ilibaki na kipande cha zamani kiitwacho Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003 lakini haikukifuta. Msimbo mpya ulitumia swichi ileile iliyokuwa ikikiwasha. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane ikaanza kumwaga oda bila kikomo. Wataalamu, katika kuhaha, wakauondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7, nazo zikaamsha Power Peg. Ndani ya takriban dakika 45 oda 212 za wateja zilikuwa zimezaa miamala zaidi ya milioni 4, na hasara ikazidi dola milioni 460. SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Marekani, ilibaini kwamba hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka mtu wa pili akague kazi ya yule fundi. Ilibaini pia kwamba kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikiitaja Power Peg, na hakuna aliyezichukulia hatua.

La pili ni la GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akihangaika na hifadhidata ya akiba usiku alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Alipogundua na kusitisha amri, katika takriban GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kunakili na kuhifadhi data, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi inavyopaswa. Zana ya kutoa nakala za kila siku ilikuwa ya toleo la PostgreSQL 9.2 wakati hifadhidata yenyewe ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kila siku ilishindwa kimyakimya. Barua pepe za kutoa taarifa za kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameitoa kwa mkono saa 6 kabla ya ajali, na data iliyoingia ndani ya saa hizo 6 ikapotea.

Sasa fikiria mtu aliyesailiwa na GitLab wiki moja kabla ya ajali hiyo. Angeuliza, "Mna nakala rudufu?" angejibiwa, kwa nia njema kabisa, "Ndiyo, tena kwa njia tano." Angeuliza, "Mara ya mwisho mlirejesha data kutoka kwenye nakala hizo ilikuwa lini?" huenda jibu lingekuwa ukimya. Swali linaloomba tukio humlazimu anayejibu akumbuke kilichotokea, na asiye na tukio la kukumbuka huonekana mara moja.

Kwa kanuni hiyo orodha ya Spolsky inaweza kuundwa upya.

Kuhusu kazi ya kila siku, uliza: "Badiliko la mwisho lililowafikia wateja lilikaguliwa na nani, na lilichukua muda gani tangu liandikwe?" Kitabu cha Accelerate cha Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim, kilichotoka mwaka 2018, kinapima timu kwa vipimo 4: hupeleka mabadiliko mara ngapi, kila badiliko huchukua muda gani, ni sehemu gani ya mabadiliko huleta madhara, na huduma hurejeshwa kwa muda gani. Swali lako linagusa kimoja kati ya hivyo, muda wa badiliko, bila kutaja jina la kitabu. Ukijibiwa "lilipita kwa Juma peke yake, ndiye mwenye nywila ya seva," umeijua timu nzima, na umejua Juma akiugua nini kitatokea.

Kuhusu hitilafu: "Huduma ilipozimika mara ya mwisho, mlijuaje, na mlibadilisha nini baadaye?" Sikiliza kama waliambiwa na mfumo wao au na wateja waliokuwa wakipiga simu kwa hasira. Sikiliza pia kama hadithi inaishia kwenye jina la mtu aliyekosea. GitLab, katika taarifa yake ya hadhara, haikumtaja mhandisi wake kwa jina. Ilieleza utaratibu uliomruhusu kukosea na namna ya kuurekebisha.

Kuhusu usiku: "Mwezi uliopita, aliyekuwa zamu aliamshwa mara ngapi, na alilipwaje?" Kitabu cha wahandisi wa Google kuhusu uendeshaji wa mifumo, cha mwaka 2016, kinaona matukio 2 kwa zamu ya saa 12 kuwa kikomo cha kufanya kazi kwa umakini. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa. Anayeunda mfumo wa malipo ya simu Dar es Salaam anajua mishahara inapopita mwisho wa mwezi usingizi huwaje, hivyo hili si swali la uvivu.

Kuhusu fedha: "Mishahara ya mwaka huu inatoka kwa wateja au kwa wawekezaji, na fedha zilizopo zitatosha hadi lini?" Kune Food, kampuni changa ya chakula ya Nairobi, ilitangaza kupata dola milioni 1 za wawekezaji mwaka 2021, na Juni 2022 ikafunga milango. Kuhusu mkataba, kama kazi iko Kenya, ongeza swali la muda wa majaribio: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inauwekea ukomo wa miezi 6, na hauongezwi bila ridhaa ya mfanyakazi.

Kuhusu watu: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa?" na "Mtu wa mwisho mliyemwajiri alipata kompyuta na ruhusa zote baada ya siku ngapi?" La pili ni dogo, lakini kampuni inayomweka mgeni wiki 2 bila ruhusa ya kuingia kwenye mfumo haikumwandalia kazi pia.

Inabaki namna ya kuuliza. Kwetu, kijana anayemhoji mkubwa mfululizo huonekana anajikweza, kwa hiyo lugha ina kazi yake. "Samahani mkuu, naomba kujifunza kidogo: huduma ilipozimika mara ya mwisho, timu ilifanyaje?" Swali ni lilelile, ila limeingia kwa adabu na anayejibu ana nafasi ya kusimulia. Chagua matatu tu, na umuulize kila mtu lile analolijua. Mambo ya usiku muulize atakayekaa nawe dawati moja, ya fedha muulize mkuu, na ya mkataba yasubiri hadi barua ya ajira iwe mezani. Ukipata nafasi, muulize mtu wa pili swali lilelile. Majibu yakipishana kidogo ni kawaida, lakini yakipingana, mmoja wao hajui kinachoendelea.

Usitegemee kupata kampuni isiyo na kasoro, kwa kuwa haipo. Mwajiri anayesema, "Nakala zetu hatujawahi kuzijaribu, na hiyo ni mojawapo ya kazi tunazotaka uanze nazo," amekupa jibu zuri kuliko anayejibu "ndiyo" kwa kila kitu. Wa kwanza unaweza kumfanyia kazi. Kwa wa pili, usisaini mkataba kabla hajakusimulia tukio hata moja.